Huduma ya kiroho kwa watu waliojeruhiwa na ardhi yao: mwongozo kamili kwa wahudumu wa Goma

Mhudumu wa roho hapa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, awe padri, mchungaji, imamu, shemasi au mama wa shirika anayetembelea wagonjwa, anahudumia watu ambao ardhi yenyewe imewaumiza. Volkano ya Nyiragongo imechukua nyumba, ziwa Kivu limechukua ndugu, vita imechukua mashamba ya Masisi na Rutshuru. Ukimwambia mama aliyekimbia lava usiku wa 22 Mei 2021, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, "twende tukapumzike kwenye uzuri wa uumbaji", unamwongezea mzigo. Kwake uumbaji ni ule moto alioukimbia.

Kwa hiyo mwongozo huu umesimama juu ya msimamo mmoja: Goma, maombolezo yanatangulia sifa. Mtu aruhusiwe kwanza kuukasirikia mlima, kuliogopa ziwa, kuulilia udongo wa kwao. Kisha mikono yake iguse ardhi tena, polepole, pamoja na wenzake. Shukrani ikija, ije yenyewe. Hii si semina ya mazingira, na wala si ibada ya Jumapili iliyohamishiwa chini ya mti. Ni kumsindikiza mtu mpaka aweze kukaa tena kwa amani mahali anapoishi, na hilo linachukua miezi.

Kabla ya yote: nani aifanye kazi hii

Diploma si lazima. La lazima ni mtu anayetunza siri na anayeweza kukaa kimya bila kuhubiri. La pili ni gumu kuliko la kwanza, hasa kwetu sisi tuliozoea kushika kipaza sauti. Fanyeni kazi wawili wawili, mwanamke na mwanamume, ili yeyote atakayetaka kuongea faragha apate wa kumwendea. Mmoja wenu ajue huduma ya kwanza.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia wenye nguzo tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Ushikeni. Ndani yake kuna kanuni ninayoisisitiza kwa kila mhudumu mpya: usimlazimishe mtu kusimulia yaliyompata. Anayetaka kunyamaza mwezi mzima, anyamaze.

Kikundi kitachanganya Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu (wa kanisa la Simon Kimbangu) na Waislamu, kwa sababu avenyu zetu zimechanganyika hivyo. Msitunge dini ya tano ya kuwaridhisha wote. Kila mtu aombe kwa maneno ya kwao, wengine wasikilize kwa heshima.

Hatua ya kwanza: chagua mahali na ukakague mwenyewe

Kwa vikao vya mwanzo, uwanja wa parokia, wa shule au wa hospitali unatosha kabisa. Una ukuta, una choo, una maji, na watu wameuzoea. Omba ruhusa kwa mwenye uwanja, kisha umjulishe mkubwa wa avenyu na ofisi ya kartie (mtaa) kwa barua fupi. Kundi la watu waliokaa kimya nje linaleta maswali katika mji huu, na ni vizuri majibu yawe yamefika kabla ya maswali.

Ukitaka kutoka nje ya uwanja, kuna hatari tatu za kuzijua kama unavyolijua jina lako.

Ya kwanza ni mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za lava. Haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inalala kwenye mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Upande wa magharibi wa mji, kuanzia Himbi na Keshero hadi Mugunga, Bulengo na Lac Vert, kuna sehemu nyingi za namna hiyo. Ukiona shimo lenye majani yaliyokauka huku ya pembeni ni mabichi, au wadudu, mijusi na ndege waliokufa chini, usishuke hata kama unaona kitu cha kuokota. Mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Mtu akianguka ndani, usimkimbilie bila kufikiri, kwani wengi wamekufa kwa kumfuata aliyetangulia. Kaeni sehemu iliyoinuka, jua likiwa limeshatoka na upepo unavuma.

Ya pili ni vyuma vya vita. Baada ya mapigano ya mwishoni mwa Januari 2025, na mengine mengi ya kabla yake, mabomu ambayo hayajalipuka yamebaki kuzunguka mji. Tembeeni njia ambazo watu wanapita kila siku, na msichimbe mahali ambapo askari walipiga kambi. Mtoto akileta chuma asichokijua, hakuna mtu kukigusa.

Ya tatu ni mlima wenyewe. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, hutangaza hali ya tahadhari kwa rangi nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Mji wetu umezoea njano. Ikipanda hadi chungwa, ahirisha kikao na ukae tayari kusaidia familia zenye wazee na wagonjwa.

Hatua ya pili: mtembelee nyumbani kwanza

Usimwalike mtu kikaoni kabla ya kukaa kwake angalau mara moja. Kaa chini, pokea alichonacho cha kukupa, hata kama ni maji tu, kisha uulize maswali machache yasiyo ya polisi.

Swali linalofungua mioyo kuliko yote ni hili: "Mama, mbele ya nyumba yenu kijijini kulikuwa na mti gani?" Mtu ambaye hakuweza kusema neno juu ya waliokufa ataanza kukueleza mvumu aliopanda babu yake, nani alikaa chini yake, ng'ombe walifungwa wapi, maziwa yalivyonukia asubuhi huko Masisi. Ndani ya mti ule wamo watu wote aliowapoteza. Usiharakishe kuwaita kwa majina, atawaita mwenyewe.

Swali la pili: "Hapa Goma, ni wapi hupendi kupita?" Jibu lake ndiyo ramani yako. Mwingine hapiti Buhene ambako lava ya 2021 ilisimama. Mwingine hawezi kuona maji. Andika moyoni, usiandike kwenye daftari mbele yake.

Kisha ongeeni juu ya Nyiragongo. Utasikia mengi. Wazee wa Rwanda na wa Bwisha walisimulia kwamba wafuasi wa Ryangombe, shujaa wa dini ya mababu, wakifa wanakwenda kupumzika mlima Karisimbi, na wasiofuata wanatupwa kwenye moto wa Nyiragongo. Wengine watakwambia mlima unalipuka kwa dhambi za mji. Simulizi ya wazee usiidharau, maana ni njia ya watu kuishi na kitu kikubwa kuliko wao. Lakini ile ya dhambi za mji usiiache ipite. Mama aliyepoteza mtoto hapaswi kurudi kulala akiamini kwamba Mungu alimchoma mwanawe kwa ajili ya wezi wa soko. Mwambie wazi: lava inatoka kwa sababu ardhi chini yetu inapasuka na kuachana kidogo kidogo, na ilikuwa ikitoka hata kabla hakujawa na mtu wa kutenda dhambi Goma.

Hatua ya tatu: kikao cha kwanza cha nje

Watu sita hadi wanane, saa moja na nusu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Uliza akina mama saa wanayochota maji na saa wanayokwenda sokoni, maana wewe ndiye utakayejipanga kufuata siku yao.

Anza kwa salamu na majina. Toa sheria tatu kwa sauti: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, hakuna anayelazimishwa kusema, na yeyote anaweza kusimama na kuondoka bila kueleza. Kisha mvute pumzi pamoja kwa dakika chache, kuingiza kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita. Macho yabaki wazi. Wengi wetu tukifumba macho tunaona tuliyoyakimbia.

Halafu kila mmoja aokote jiwe la lava. Mawe hayakosekani, yamejenga kuta zetu na vyoo vyetu. Mwache alipime mkononi. Kuna jepesi lenye matundu matundu ambako gesi ilitoka, na kuna zito lenye mikunjo ya kamba iliyosokotwa, ambapo lava iliganda ikiwa bado inatembea. Ukingo wake unakata kidole. Uliza swali moja tu: "Ukiambiwa useme na jiwe hili, utaliambia nini?" Kisha nyamaza, dakika tano, hata kumi. Kuna atakayelitukana, na kuna atakayelia. Baba mmoja anaweza kusema, "Umekula nyumba yangu 2002, halafu nimekununua kwa pesa ili nijenge nyingine." Usimrekebishe. Usiseme "lakini Mungu ni mwema". Hayo ndiyo maombi yake ya siku hiyo.

Baadaye waoneshe ufa wa jiwe kubwa. Juu ya lava ya 17 Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji na kubomoa hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, utakuta kijimea cha kijivu chenye vijitawi vidogo vilivyosimama wima, kimeshika jiwe bila udongo wowote. Ndicho cha kwanza kufika baada ya moto. Kinapooza pamoja na vumbi ndipo kangaga linapata pa kushika, kisha majani, kisha kichaka. Waache waangalie kwa karibu, waguse kwa ncha ya kidole. Usitoe mahubiri juu yake. Ukisema "mnaona, uhai umerudi", umewanyima nafasi ya kuliona wenyewe, na yule ambaye uhai wake haujarudi atajiona amechelewa.

Neno la Maandiko lije mwisho, na liwe fupi. Kwa Wakristo napenda Zaburi ya 121, Nyiragongo ukionekana mbele yenu: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Isome kama swali la kweli, ukiacha nafasi kabla ya mstari wa pili. Kwa Waislamu, maneno ya Kurani wanayoyasema msibani yanatosha: hakika sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na hakika kwake tutarejea. Malizeni kwa chai na mandazi. Chai si nyongeza, ni sehemu ya kikao, kwa sababu huwezi kumrudisha nyumbani mtu aliyetoka kulia akiwa na tumbo tupu.

Mtu akivunjika katikati, mwenzako akae naye pembeni, bega kwa bega badala ya uso kwa uso. Ampe maji, amwombe ataje vitu vitano anavyoviona pale walipo. Kikundi kiendelee taratibu. Jioni ile ile mmoja wenu apite nyumbani kwake.

Hatua ya nne: mikono kwenye udongo

Baada ya vikao vitatu au vinne vya namna hiyo, leta majembe. Mapema zaidi, kazi inakuwa njia ya kukimbia kilio. Na ieleweke kwamba hii si salongo, ile kazi ya umma ya lazima. Tangu enzi za Mobutu neno hilo linabeba kulazimishwa, na mtu aliyelazimishwa na bunduki hahitaji kulazimishwa tena na kanisa. Asiyetaka kushika jembe aketi na asimulie.

Kupanda juu ya lava kuna ufundi wake. Tafuteni mahali jiwe limeshaanza kupasuka, mpasue kwa baramini (mtaimbo) mpaka mpate shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, na upana zaidi ya hapo. Chini wekeni kokoto, juu yake majani makavu na maganda ya jikoni, kisha udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza. Udongo wenyewe mara nyingi tunaununua kwa gunia au kwa toroli, umeletwa kutoka nje ya mji. Mpeni kila mtu aubebe kwa mikono yake. Nimeona mzee wa Rutshuru akiunusa udongo kabla ya kuuweka, akataja kilima ulikotoka, na kikundi kizima kikanyamaza kumsikiliza.

Pandeni mwanzo wa mvua, Septemba au Oktoba, ili kiangazi cha Juni hadi Agosti kikute mizizi imeshashuka. Avoka (parachichi), grevilea na marakuja (pasheni) vinafaa. Marakuja hutambaa juu ya ukuta wa mawe na kuzaa mapema, jambo linalowatia moyo watu waliochoka kusubiri. Zungushieni mawe kuzuia mbuzi.

Onyo moja, na nalisema kwa uzito: msifunge mche mmoja na marehemu mmoja. Wazo hilo huja kwa kila mtu, na linaonekana zuri. Lakini miche inakufa, mbuzi wanaingia, mwenye kiwanja anauza, na mama anamzika mtoto wake mara ya pili. Pandeni miche mingi kwa ajili ya marehemu wote pamoja. Ukikauka mmoja, bustani bado ipo.

Mpangaji asiye na ardhi apewe gunia. Panga nguzo ya kokoto katikati, jaza udongo pembeni, toboa ubavuni, panda lengalenga (mchicha) na vitunguu. Akihamishwa, na Goma watu wanahamishwa sana, bustani yake ina uwezo wa kuhama naye. Kwa Muislamu, mafundisho ya Mtume yanampa neno la kusema anapopanda: anayepanda mti, akala mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Makala, yaani makaa ya kupikia, yatatajwa, lazima. Wengi wanapikia makala yaliyotoka kwenye msitu wa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa 1925, ya kwanza Afrika, ambayo zaidi ya walinzi 200 wameuawa wakiilinda. Mkumbuke walinzi hao kwenye maombi, kwa kuwa wajane wao ni majirani zetu. Lakini usimwaibishe mama anayeuza makala kwa vipande barabarani ili watoto wale. Kama una jambo la kumpa, mfundishe kufinyanga jiko linalokula makala kidogo.

Hatua ya tano: ziwa

Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa watu ilizama karibu na bandari ya Kituku, nchi kavu ikiwa inaonekana. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, ndiyo maana watu wengi walipita majini. Familia kadhaa hazikupata mwili wa kuzika.

Msiende ufukweni mpaka mhusika mwenyewe aombe. Akiomba, nendeni mbali na Kituku na kelele zake, mkasimame mahali mnaliona ziwa bila kuligusa. Safari ya pili sogeeni. Ya tatu, anayetaka anawe mikono. Kwa asiyekuwa na kaburi, kikundi kikae naye pale, kitaje jina la marehemu kwa sauti, kiimbe wimbo alioupenda. Msitupe chupa wala maua ya plastiki majini.

Na hofu ya gesi ijibiwe kwa ukweli. Tangu uhamisho wa 27 Mei 2021 watu wanalala wakiwaza kwamba ziwa litapasuka. Ni kweli kwamba kwenye kina cha Kivu kumeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, na ni kweli kwamba ziwa Nyos la Kamerun lilitoa gesi mwaka 1986 likaua watu wapatao 1,700. Ni kweli vilevile kwamba gesi ya Kivu imeshikiliwa chini na uzito wa maji mengi yaliyo juu yake, na kwamba wataalamu wanaipima. Mtu anayejua hivyo anaogopa kwa kiasi, na hofu ya kiasi inaweza kuombewa.

Hatua ya sita: ishi na kalenda

Tarehe 17 Januari na 22 Mei miili inakumbuka hata kama vichwa vimesahau. Tembelea watu wako wiki hizo. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, Wakongomani tunakwenda kusafisha makaburi, basi wasindikize wasiokuwa na kaburi la kusafisha, na bustani yenu iwe kaburi lao siku hiyo. Kuanzia 1 Septemba, siku ya kuombea uumbaji, hadi 4 Oktoba, makanisa mengi yanashika majira ya uumbaji, na mvua inakuwa imeanza. Tarehe 5 Desemba ni siku ya kitaifa ya mti, inayofaa kwa palizi na kuhesabu miche iliyoshika.

Hatua ya saba: jua pa kuishia

Asiyelala kwa wiki nyingi, anayesema afadhali afe, anayesikia sauti, aliyeacha kula au kunyonyesha, huyo hahitaji matembezi zaidi. Anahitaji daktari. Msindikize wewe mwenyewe hadi Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili hapa Goma, na uendelee kumtembelea akiwa huko. Mwanamke aliyebakwa afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita. Hospitali ya HEAL Africa hapa Goma ina huduma hiyo. Kikundi kitamngoja.

Ninyi wahudumu mnatoka kwenye ardhi hiyo hiyo. Kila mwezi kaeni wawili na mtu wa tatu asiye wa kikundi, mseme yaliyowalemea bila kutaja majina. Anayeota ndoto za watu wengine apumzike mzunguko mmoja.

Kuhusu pesa: ombeni parokia au msikiti miche, samadi, sukari na sabuni, na mhasibu awe mtu wa kikundi aliyechaguliwa na wenzake. Msilipe mtu kwa kuhudhuria, na mseme hivyo siku ya kwanza nyumbani kwake, kabla hajapanga matumizi. Nauli ya pikipiki kwa mzee au mjamzito si malipo, ilipeni. Mavuno ya bustani yagawanywe siku hiyo hiyo, hapo hapo, mbele ya wote.